Fimbo ya Vipande Vinne

Nazario alipewa wiki moja achague fimbo ya kuvulia samaki, naye maisha yake yote hajawahi kuvua hata dagaa. Kazi yake ni uashi. Mpe tofali na udongo, atakunyoshea ukuta mpaka uuonee wivu. Lakini samaki alimjua kwenye sahani tu, tena mara moja moja, kwa sababu alikulia kambini upande wa Ngara, Tanzania, ambako maji yalitoka bombani na kila ndoo ilikuwa na foleni yake. Sasa amani imerudi, naye amerudi nayo, ana chumba chake mtaa wa Yoba mjini Gitega, ana kazi, na ana mchumba. Na huyo mchumba ndiye aliyemletea balaa la fimbo.

Kasilda alikuwa kaja Gitega kwa shangazi yake kujifunza kushona. Walipendana kwa mwendo wa kawaida, bila vitimbi. Shida ilikuwa kwao, Giteranyi, huko kaskazini ya Muyinga, kwa baba yake Mzee Damiano. Baba mdogo wa Nazario, Bonifasi, alikwisha kwenda kubisha hodi akiwa na pombe ya ndizi, maana mkono mtupu haulambwi. Alipokelewa vizuri mno. Mwenyeji alionja pombe kwanza kama desturi inavyotaka, mgeni akanywa, wakazungumza maharage, wakazungumza mvua, wakazungumza bei ya chumvi ng'ambo ya mpaka. Jioni Bonifasi akarudi hana jibu. Na Burundi mtu asipokupa jibu, jibu umelipata.

Baadaye lilivuja kwa shangazi. Mzee hakuwa na ugomvi na kijana wala na ukoo wake wa Nyarusange. Alisema tu kwamba hawa waliotoka Tanzania wanalala na viatu. Mlio mmoja wa gurudumu lililopasuka, utawasikia wako mpakani, na mtoto wa mtu wamembeba.

Nazario aliposikia hilo aliumia, tena aliumia zaidi kwa sababu hakuwa na la kubisha. Nyuma ya mlango wake pale Yoba ulining'inia mfuko wa kijani wa turubai, mwepesi, umefungwa tayari: blanketi, sufuria ndogo, kadi za kambini, shati moja. Hakuna aliyemwambia aupange. Aliupanga siku ya kwanza aliyohamia, kabla hata ya kufagia.

Halafu ukaja ujumbe wa pili, mdomoni mwa Kasilda mwenyewe. Baba anasema kijana aje Jumamosi, aje peke yake, waende mtoni. Aje na fimbo yake mwenyewe. Hajui kuvua, hilo baba analijua, atamfundisha. Ila fimbo asichaguliwe na mtu. Baba anataka kuona atachagua nini.

"Anataka kuona nini kwenye fimbo?" Nazario aliuliza.

Kasilda alisema hajui. Alisema pia, akiangalia chini, kwamba baba yake hajawahi kumpa mtu nafasi ya pili, na ya tatu hataitoa. Nazario hakulala vizuri tangu siku hiyo.

Na fimbo yenyewe haikuwa ya kawaida, ile ya mti na uzi na mnyoo. Mzee Damiano enzi za ujana alimpikia padri mmoja Mzungu, na padri huyo alikuwa na wazimu wake: alivua kwa unyoya. Ndoana ndogo inavikwa manyoya ya jogoo mpaka ifanane na mdudu, inarushwa juu ya maji, samaki anadhani chakula kimeanguka. Mpishi alijifunza mpaka akampita mwalimu. Uvuvi wa namna hiyo unataka fimbo nyembamba inayopinda, na uzi mnene kuliko unavyodhani, kwa sababu unyoya hauna uzito. Uzi ndio unaorushwa, unyoya unafuata. Haya yote Kasilda aliyasema kama alivyoagizwa. Aliongeza kwamba fimbo ina namba na uzi una namba, sharti zifanane, na kwamba gurudumu la kukunjia uzi lisimle hela, maana hilo ni kitanda cha uzi tu.

Kitu hicho utakipata wapi Gitega? Pale sokoni, kwa Rachid. Rachid aliuza mitumba isiyo nguo: viatu vya kutelezea kwenye barafu, raketi, kofia za wapanda farasi, vyote vilivyotupwa Ulaya vikaja kutafuta mwenyewe Burundi. Alikuwa na fimbo mbili za aina hiyo. Kwa miaka miwili zimesimama kwenye kona, watu wakiuliza kama ni za antena.

Nazario alikwenda Jumatatu akaangalia, akaogopa, akaondoka. Jumanne vilevile. Jumatano Rachid alimwekea kiti.

Fimbo ya kwanza ilikuwa na vipande viwili. Kila kipande kirefu karibu kumfika mtu kifuani. Mpini wake haukuwa na kovu, pete za kupitishia uzi zote zipo, na ukiviunga vile vipande, kiungo kinakaa kimya kama hakipo. Ya pili ilikuwa na vipande vinne vifupi. Ilikosa pete moja, kiungo cha tatu kilikuwa kimelegea, mtu alikifunga kwa utepe mweusi. Zote mbili zilikuwa na namba sita karibu na mpini, na kwa bahati uzi wa kijani uliokuwa kwenye boksi lake ulikuwa namba sita pia. Gurudumu Nazario alichukua bovu kuliko yote, lenye kutu pembeni, kama alivyoagizwa. Hapo alijisifu kidogo.

"Fimbo bei iko moja," Rachid alisema. "Mi nakuambia ukweli, we ni mteja. Hii ndefu iko bien. Hii ingine, hapana."

Mchagua jembe si mkulima, husema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na mkwe Giteranyi. Nazario alishika hii, akashika ile. Aliipinda ile ndefu hewani, akaona inavyorudi yenyewe bila kutikisika, na hata yeye asiyejua alijua. Aliwaza atakavyoitazama mzee. Aliwaza basi la kwenda Muyinga, fimbo ndefu ikichoma watu macho. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifikiri. Aliweka vipande vinne kifuani, akavipima kwa shubiri, shubiri mbili na vidole vitatu. Vinaingia. Moyo ukatulia ghafla, akalipia ile mbovu.

Rachid alimtazama kama anayetazama mtu akinunua mbuzi mgonjwa huku mzima amesimama pembeni. Lakini biashara ni biashara, akamfungia.

Kuanzia hapo hofu ilibadili sura, haikupungua. Alhamisi alienda na fimbo uwanjani, akajaribu kurusha uzi, ukamzunguka shingo. Ijumaa alifunga upya kile kiungo kilicholegea. Alijiambia kwamba amechagua vizuri, kwamba fimbo fupi ni rahisi kwa safari, kwamba mzee atapenda akili ya kijana asiyepoteza nafasi. Alijiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu mwenye uhakika.

Jumamosi alifika Muyinga mapema, akapanda baiskeli ya kukodi mpaka Giteranyi. Mzee Damiano alikuwa mfupi, mkavu, kofia imemfika masikioni. Alimsalimu kwa Kiswahili cha sokoni mpakani badala ya Kirundi. Nazario akalichukulia hilo kama kofi: ananisemesha kama mtu wa ng'ambo. Kasilda alitokea mlangoni, akasalimu kwa heshima, akarudi ndani. Hawakupeana hata jicho.

Waliteremka kwa njia ya miguu kati ya migomba mpaka mtoni. Mzee alibeba kopo dogo la bati lenye manyoya aliyoyafunga mwenyewe. Fimbo hakubeba. Nazario aliliona hilo, akadhani siku hiyo mzee amekuja kutazama tu, kama mtahini asiyeshika kalamu.

Mtoni Nazario alitoa vipande kwenye mfuko wa begani aliokuja nao, si ule wa kijani, akaviunga kimoja kimoja. Mzee aligusa uzi kwanza, akauvuta, akausoma kwa vidole, akaitikia kwa kichwa kwamba ni mzuri. Aligeuza gurudumu lenye kutu, akatabasamu kidogo sana. Nazario akapumua. Halafu mzee akaanza kuhesabu viungo, mkono ukipanda polepole, mpaka ukafika kwenye utepe.

"Rachid wa Gitega," alisema. "Nilionaga fimbo zake mbili mwaka jana. Ile ndefu aliuzisha?"

Nazario alisema bado ipo.

"Ilikuwa bei ya juu?"

"Hapana, baba. Bei moja."

Mzee alimgeukia. "Sasa we ulichagua hii juu ya nini?"

Hapo Nazario alikuwa na majibu yake yote aliyoyapanga, la basi, la nafasi, la wepesi. Lakini swali lilimkuta amechoka na wiki nzima ya hofu, na mdomo ukatoa ule ukweli ambao yeye mwenyewe hakuwa amejiambia.

"Inaingia kwenye mfuko," alisema. "Likitokea jambo, mtu anaondoka nayo."

Alisikia maneno yake yakitoka. Alitamani ayarudishe, lakini neno si uzi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sasa alikuwa ameshtuka mbele ya mtu yuleyule ambaye hakutakiwa kumwona akishtuka.

"Na Kasilda," mzee aliuliza taratibu, "naye utamuingiza kwa mfuko?"

Nazario akakaa kwenye nyasi palepale, jambo ambalo kijana hafanyi mkwewe akiwa amesimama. Alijua amemkosa Kasilda. Lilikuwa limekwisha, na kwa kuwa limekwisha hakuona haja ya kudanganya tena.

"Mimi ni mwoga, baba," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na moja tulipokimbia. Mama alirudi ndani kuchukua jembe, jembe likamchelewesha, hatukumwona tena. Tangu siku hiyo sinunui kitu kisichobebeka. Mfuko wangu uko nyuma ya mlango, umefungwa, hata leo. Siwezi kukuambia sina woga. Lakini wenzangu wengine walibaki kule kwa sababu ya woga huu huu. Mimi nilirudi nao."

Alisema hayo yote bila kuinua kichwa, akasubiri afukuzwe.

Mzee hakumfukuza. Aliketi pembeni yake, magoti yakilia, akaweka kopo chini. Alizungumza akiutazama mto. Watu wanasema Damiano hakukimbia, alisema, alibaki kwake. Ni kweli hakuvuka mpaka. Alikaa siku tisa ndani ya mafunjo, pale kwenye kona ya mto, maji kiunoni, yeye na mkewe, Kasilda akiwa mgongoni kwa mama yake, wamemziba mdomo kwa kitambaa. Padri alikuwa amemwachia fimbo yake. Nzuri, ya vipande viwili. Haikukubali kuingia kwenye mzigo, ikawa inatokeza juu ya mafunjo kila akijongea. Siku ya pili aliichomeka kwenye matope, akaiacha. Aliporudi kuitafuta, mto ulikuwa umehama.

"Miaka kumi na sita sijashika fimbo," alisema. "Na siku ile kwa Rachid, kama ningenunua, na mi ningepima kwa mfuko."

Nazario alimtazama. Ndipo alipoelewa kwa nini mzee hakubeba fimbo. Hakuwa nayo.

Mzee alinyoosha mkono bila kuomba, akapewa. Alichagua unyoya wa rangi ya kutu, akaufunga kwa meno, akasimama. Uzi ulikwenda nyuma, ukanyooka, ukarudi mbele, ukalala juu ya maji bila kuyaamsha. Kiungo chenye utepe kilitoa mlio, lakini kilishika. Alirusha mara nne, tano, mashavu yamelowa, hakuyafuta wala hakuyaficha. Kisha akamwita kijana, akasimama nyuma yake, akamshika kiwiko, wakarusha pamoja. Walipata samaki mmoja mwenye sharubu, mdogo kuliko kiganja, wakamrudisha majini.

Wakapanda kilima. Nazario bado hakujua amepata au amekosa, na kutojua huko kulimsumbua kuliko kukosa kwenyewe. Uani alipiga goti ili afungue vipande, avirudishe mfukoni, awahi basi la Gitega.

"Usiifungue," mzee alisema.

Nazario alieleza kwamba ikiwa imeungwa haiwezi kuingia kwenye basi.

"Najua."

Mzee aliichukua kama ilivyo, ndefu, imesimama, akainama nayo mlangoni ili isigonge, akailaza juu ya misumari miwili iliyokuwa ukutani mwa sebule. Misumari ilikuwa na kutu, na ukuta kati yake ulikuwa mweupe kuliko sehemu nyingine. Kasilda, aliyekuwa akipanga vikombe, alisimama na kikombe mkononi. Alimtazama baba yake, akamtazama Nazario mlangoni, halafu akageukia ukuta haraka, maana machozi yalikuwa yameshafika.

Mzee alirudi kizingitini, akamwambia kijana amwambie baba yake mdogo aje Jumapili ijayo, na safari hii aje na watu.

Nazario alishuka kwenda kutafuta baiskeli. Mfuko ulikuwa mtupu begani, na kila hatua aligeuka kutazama nyuma, kwa hofu. Hajawahi kuacha kitu chake katika nyumba aliyotaka kuirudia.