Tuta la Mama Gyutae

Siku ya kutengeneza kimchi, achari ya kabichi ya kuliwa majira ya baridi, nyumba ya Mama Gyutae hujaa hadi kizingitini. Kabichi zilizolala kwenye chumvi zilikuwa zimerundikwa uani mlima mzima, na wanawake wa kijiji wamezunguka beseni la rojo la pilipili, glavu zao nyekundu hadi viwikoni, midomo ikifanya kazi kuliko mikono. Katikati yao, kavishwa aproni ya maua, alikaa Pyo, kijana wa shirika la kuhifadhi mto.

"Paka hadi ndani, jani kwa jani!" jirani, Mama Sunmi, alimfokea. "Ndiyo maana hujaoa. Unaipapasa kabichi kama itakuzaba kofi."

Nyumba nzima ikacheka, na Pyo naye akacheka. Alishazoea. Shida yake ilikuwa shamba la mpunga la Mama Gyutae, lile la chini kabisa, kando ya mto. Wenye mashamba wenzake wote walishakubali tuta linalozuia mto libomolewe, ili mto ukifurika utandae tena bondeni kama zamani, na wale ndege kwarara waliorudishwa na shirika wapate pa kula. Ardhi ingebaki yao, na kodi wangelipwa. Limebaki shamba moja tu, na tuta halibomolewi nusu.

Sababu kila mtu pale aliijua. Gyutae, mtoto wake wa pekee, alikwenda mji wa Ulsan kuunda meli akanogewa huko. Kila mwaka mama yake hukodi trekta, akalima, akapanda, kijana asije akarudi akakuta magugu. Mpunga wenyewe hata haumalizi kuula.

"Haya, na mwanangu akirudi atalima wapi?" alimuuliza Pyo. "Majini, na vyura?"

"Si umpigie umuulize!" Mama Sunmi alidakia. "Sisi hapa tunazeeka tukikisia."

"Yuko kazini."

"Kazini ndiko hakuna simu?"

Mama Sunmi akavua glavu, akaichukua simu ya mwenzake, akapiga, akaiweka juu ya ndoo. Mikono ya wengine imejaa pilipili, kwa hiyo sauti ikafunguliwa, wote wakasikia.

"Mama? Kuna nini?"

Mama Gyutae aliinamia ndoo. "Wanataka kubomoa tuta. Shamba lako liingie maji. Nikasema nikuulize."

Vyuma viligongana huko mbali.

"Mama, mimi sirudi kulima. Nilidhani unajua."

Hakuna aliyegusa kabichi. Hata Mama Sunmi alikuta la kutazama ndani ya beseni.

"Hayo maji," Gyutae aliendelea, taratibu, "yatafika wapi? Mlangoni pa banda la ng'ombe, kama kabla kina baba hawajajenga tuta?"

"Hapohapo, kaka," Pyo alijibu. "Mvua ikizidi, hata kupita."

"Wale samaki wa matopeni tuliokuwa tukiwavua! Mama, unakumbuka ulivyoteleza ukakalia kikapu, wote wakatukimbia?" Akacheka, kicheko chake cha utotoni, ambacho mama yake hakuwa amekisikia tangu aondoke. Mtu akamwita. Simu ikakatika.

Mama Gyutae aliinua kichwa, akamgeukia Pyo.

"Hao samaki watarudi?" aliuliza.

"Mahali pengine walirudi, mama," alisema Pyo. "Hapa siwezi kukuapia."

"Hata kudanganya hujui. Kweli hutaoa wewe." Akachukua kabichi nyingine, akaipaka jani kwa jani, mpaka mwisho. "Bomoeni."

Msimu wa mvua ulipofika, mto uliingia shambani bila hodi ukasimama mlangoni pa banda. Kwarara wakaja, miguu ndani ya maji, wakichokoa tope. Siku maji yalipopungua, Mama Gyutae alishuka na kikapu kile cha zamani, akapanda nacho kimejaa samaki. Harufu ya supu yao iliita kijiji kizima, na Mama Sunmi akala bakuli la pili huku akilalamikia chumvi.

Picha ya samaki ilitumwa Ulsan. Jibu likaja: "Ni wakubwa?"

Mama Gyutae aliandika kwa kidole kimoja: "Njoo uwaone."

Halafu akakiosha kikapu. Bandani hakukirudisha. Alikitundika langoni, upande wa kituo cha basi, pale ambapo mtu akishuka ndicho atakachokiona kwanza.