Makaa ya Kunata Ulimini

Mwaka wa 1943 petroli yote ilikuwa ya wanajeshi, kwa hiyo lori la Shueib, mfanyabiashara wa Kisii mjini, lilitembea kwa makaa. Ubavuni lilibeba pipa la chuma. Makaa yaliungua humo, na gesi yake ndiyo iliyoendesha injini.

Mchoma makaa wake alikuwa Mong'ina wa Ikonge, ambaye watu walimwita Mama Ombui. Makaa yake ya muwati, mti mgumu, yalikuwa mazito, ukiyagonga yanalia, na wahunzi waliyagombania. Mwenyewe alijua hivyo, wala hakujisumbua kuficha kwamba anajua.

Basi siku ya soko Nyaramba, lori likazimika mlimani mara ya tatu, likarudi kinyumenyume hadi chini sokoni. Shueib akashuka, jasho linamtiririka, akasema mbele ya watu wote: "Mama Ombui, makaa yako mabovu. Mzigo ujao nanunua kwingine."

Mabovu! Mong'ina alirudi nyumbani damu ikimchemka. Miaka ishirini ya jina zuri, na mtu analitupa matopeni kwa neno moja?

Alipasua kipande cha makaa yake kwa panga. Ndani kilikuwa kimebana, hakina hata tundu la sindano. Mhunzi aliyapendea hilo, kwa kuwa moto uliyala polepole, kutoka nje tu. Lakini lori likipanda mlima linataka gesi nyingi papo hapo, na moto utaitoa wapi kama hauna pa kuingilia?

Akaokota jikoni kipande cha omosocho, mti mwepesi ambao makaa yake wanawake huyadharau kwa sababu huisha kabla uji wa wimbi haujaiva. Kilikuwa na vitundu tele. Akakigusisha ulimini, kikanata, kikanyonya mate yote.

"Wewe una kiu," akakiambia. "Hewa utainywa vivyo hivyo."

Akachoma tanuri zima la omosocho. Alipoyafikisha sokoni, watu walicheka hadi wakashika mbavu. Hata Abner mhunzi, mteja wake wa siku zote, alikigonga kipande kimoja akatikisa kichwa. "Hiki hakilii, Mama Ombui."

"Sikukichoma kilie. Bwana Shueib, jaza pipa, na ubebe magunia mawili pale ulipobeba moja, maana haya huisha upesi. Likizimika mlimani, sichomi makaa tena maishani."

Akapanda mbele, akaketi wima. Mlimani injini ilikohoa mara moja. Kisha ikashika, ikavuta, ikavuta, hadi juu kabisa.

Shueib alicheka kama mtoto. "Mama Ombui, mimi nilikosea. Makaa yako ni mazuri!"

"Geuza lori," alisema Mong'ina.

"Kwenda wapi?"

"Ubaya wangu uliutangazia sokoni. Hapa tuko wawili tu."

Shueib alimtazama, akaona hatanii, akakata usukani.