Kadena ya Choo cha Wamama

"Utawaambia wamama shimo la choo limejaa," Papa Gaspard akarudia. "Ni mimi nilikuteua waziri mkuu. Sasa nikitoa amri unaniuliza sababu?"

"Uliniteua, Papa. Wamama ndio walioniidhinisha," Pascaline akamjibu. "Na kila Jumatatu ni mimi ninayesimama mbele yao kuulizwa. Wewe unakata riboni."

Biro, ofisi ya chama cha wauza ndagala, ilinukia sabuni ya manukato. Gaspard, rais wa chama, alikuwa ametoka chooni sasa hivi. Choo chenyewe ni cha wamama, walikijenga kwa mikono yao, lakini wiki hii alikitia kadena, kufuli kubwa, akakifanya chake na cha wageni wake. Wamama walibaki kujisaidia nyuma ya mawe, kulekule ufukweni wanakoanika ndagala, dagaa wao wa kuuza. Asubuhi hiyo Pascaline alikuta kinyesi karibu na ndagala wake, nzi wakiruka kutoka huku wakitua kule. Alitapika palepale. Mwaka jana tu alilala chini ya hema la kipindupindu, amemshika mtoto wake.

"Ugonjwa ukirudi, nani ataulizwa?"

"Waziri mkuu," Gaspard akacheka. "Hiyo njo kazi yako, kubeba lawama. Rais hachafuki."

Pascaline alimtazama kama mtu aliyekuta funza katika nyama. Akatoka nje.

Wamama walishakaa mchangani kwa kikao cha Jumatatu, kila mmoja na beseni lake mbele. Chama hiki hakina kura za karatasi. Mama akikosa imani na serikali, anageuza beseni lake juu chini. Yakigeuka mengi, waziri mkuu na mawaziri wake wanarudi nyumbani.

"Mama Waziri Mkuu," Mama Éliane akaanza, "choo chetu kina nini?"

"Shimo lake..." Gaspard akadakia kutoka mlangoni.

"Shimo ni zima," Pascaline akamkatiza. "Rais amekifunga akitumie yeye, akanituma niwadanganye. Mimi nataka kukifungua leo. Asiyeniamini ageuze beseni."

Hakuna beseni lililosogea.

"Papa naye aonje kwenda nyuma ya mawe!" mama mmoja akapaza sauti, wote wakaangua kicheko.

"Mimi njo rais hapa!" Gaspard akafoka.

"Baki rais, Papa," Pascaline akamjibu. "Kazi ni ya serikali."

Akachukua shoka la kupasulia kuni za kubanikia samaki, akaenda moja kwa moja hadi chooni. Pigo la kwanza liliteleza. La pili likaing'oa kadena pamoja na komeo na misumari yake. Akausukuma mlango.

"Ingia, Mama Éliane."