Shemeji Begani

Fundi cherehani alikuwa mwembamba tangu utotoni, na mtaa mzima ulimwita Kijiti. Jina hilo halikumuuma. Kilichomuuma ni siku ile shemeji yake, mume wa dada yake, muuza nyama mwenye kifua kama kabati, alipomkamata kwa mkanda wa suruali mbele ya wateja na kumtundika kwenye ndoano, katikati ya mapaja ya ng'ombe.

"Huyu nani anamtaka?" aliuliza kwa sauti. "Mifupa mitupu, ya supu!"

Wanawake aliowashonea magauni walicheka mpaka wakashikana mabega. Dada yake, aliyekuwa akifunga nyama, naye alicheka.

Kijiti aliposhushwa alijipangusa mafuta ya nyama. Alinyoosha moja kwa moja hadi ukumbi wa mazoezi nyuma ya gereji, akamkuta Kocha, mwanamke wa makamo aliyewahi kushindana kunyanyua vyuma.

"Nataka kumnyanyua mtu," alisema. "Mzito, kama mimi na wewe kwa pamoja."

Kocha alimtazama toka juu mpaka chini. "Kumnyanyua tu, au kumbeba? Chuma kizito, mara chache, kinakupa nguvu ya ghafla. Chepesi, unarudia na kurudia hadi misuli iwake moto, kinakupa nguvu ya kukaa na mzigo. Wewe anza na chepesi."

"Sina muda wa kubembeleza vyuma. Nipe kizito."

Basi akapewa. Kila alipochuchumaa na chuma mabegani alikisikia kile kicheko, hasa cha dada yake, na hasira ikamsukuma juu. Shingo ikanenepa, mashati yake yakambana, akayafumua na kuyashona upya.

Alipoona ameiva, alikwenda buchani. Akamkumbatia shemeji kiunoni, akakaza meno, na kweli, jitu likaachana na ardhi! Lakini baada ya hapo? Pumzi ilimkatika, magoti yakalegea, wakaanguka wote wawili, na la juu lilikuwa lile jitu. Watu walicheka kuliko mara ya kwanza.

Aliporudi ukumbini, Kocha hakumcheka. "Umemnyanyua?"

"Nimemnyanyua. Nikaanguka naye."

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema Kocha, akamsogezea chuma chepesi.

Safari hii Kijiti hakubisha. Alirudia mpaka jasho likamwingia machoni, akapumzika kidogo, akarudia tena. Kizito hakukiacha kabisa, ila sasa kilikuja mwishoni, kama chumvi kwenye chakula. Mwaka ulipita hivyo. Hasira haikupoa, ilijifunza subira tu.

Ndipo asubuhi moja, bucha limejaa, akaingia, akainama, akamtupa shemeji begani kama gunia na kutoka naye barabarani.

"Shemeji, nishushe! Watu wananitazama!"

"Si ndiyo raha yenyewe?"

Akampitisha kwa kinyozi, akampitisha kwa washona viatu, polepole, pumzi zake zimetulia. Jamaa alirusha miguu, aproni ikamfunika kichwa, tumbo likawa nje.

"Unanipeleka wapi?"

"Kwa mama."

Muuza nyama akaacha kurusha miguu ghafla. Mbele ya mama mkwe wake hata kofia huwa anavua, na sauti huishusha.

Mama alitoka na povu la sabuni mikononi. "Mwanangu, umebeba nani?"

"Mkweo, mama. Amekuja kukusalimia."

"Shikamoo, mama," ilisikika sauti kutoka ndani ya aproni.

"Marahaba," alijibu mama, akageukia ukutani haraka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Jioni dada alikuja dukani kwa fundi, macho mekundu. "Umemdhalilisha mume wangu."

"Aliponitundika, ulicheka."

"Nilicheka," alisema dada, kisha akaondoka, wala hakuonekana tena dukani kwa muda mrefu. Kijiti alimkumbuka, maana ndiye dada pekee aliyekuwa naye. Lakini kila alipokumbuka ile "shikamoo" ya kichwa chini, moyo wake ulijaa utamu, na angeambiwa arudie, angerudia.

"Nenda ukaombe radhi," mama alimsihi. "Damu nzito kuliko maji."

"Nitakwenda, mama," alijibu, akakanyaga cherehani na kuendelea kushona.