Pipi ya Mtu Asiye na Meno

Feza alifunua kikombe, akacheka peke yake. Pipi aliyoiloweka majini tangu jana ilikuwa imevimba, imekuwa kubwa kama kidole gumba cha mwanamume, laini, inatetemeka. Kwa muuza nyanya kama yeye, wa soko la Kamembe, kikubwa ndicho kizuri, ndicho huwekwa juu ya fungu. Akaichota kwa kijiko, akampelekea baba yake.

Papa Muhigirwa hakuwa na jino hata moja, na tangu wamzike mkewe, Maman Bernadette, alikuwa amesusa chakula. Mgonjwa haulizwi uji, husema watu. Huyu aliulizwa, akabembelezwa, akaimbiwa, na midomo akaifunga vilevile. Muuguzi alimwambia Feza waziwazi kwamba mzee akiendelea hivyo atamfuata mkewe. Kitu kimoja tu ndicho mzee alichokitaja: bombo, zile pipi laini za jelatini walizokuwa wakila yeye na Bernadette wakitoka Bukavu. Laini kwa mwenye meno, jamani! Kwake zilikuwa mpira mtupu.

Mzee akaionja ile kubwa, akaitema.

"Hii ni maji tu, Feza. Maji yenye kuvaa koti ya bombo."

Feza aliumia, ila si mtu wa kukaa chini akalia. Jirani yake Nzigire alimshauri atie chumvi, ati chumvi huamsha ladha. Pipi ikavimba kidogo, na chumvi yake ikamshinda hata Feza mwenyewe kumeza. Akaloweka nyingine katika maji ya sukari mazito, mazito ya kung'ang'ania kijiko. Hiyo wala haikukua. Ilibaki ngumu vilevile.

Sokoni alipanga nyanya huku akili iko nyumbani. Zilikuwa nyanya za mvua, kubwa, ngozi zimepasuka, na mteja mmoja akanung'unika kwamba hazina utamu, afadhali zile ndogo za kiangazi. Mkono wa Feza ukasimama. Mvua ikizidi, nyanya hunywa mpaka utamu wake unapotea. Kumbe pipi nayo ina kiu! Sukari iliyo ndani yake huvuta maji. Ukiipa maji matupu, inakunywa bila kiasi. Nje kukiwa na sukari nyingi kama ndani, hakuna cha kuvuta. Basi lililobaki ni kutafuta katikati. Hapo mimi namvulia kofia Feza, maana wangapi wetu tungekuwa tumeshakata tamaa na kumwachia Mungu?

Akarudi mapema, akapika chai nyepesi, akaiacha ipoe kabisa, kwani ya moto ingeyeyusha pipi yote. Akatia sukari, akaonja, akaongeza maji, akaonja tena. Kesho yake adhuhuri pipi ilikuwa imekua kiasi, si jitu wala si jiwe. Akaikata vipande vidogo, akamwekea baba yake kimoja juu ya ulimi.

Mzee akafumba macho. Taya zikasogea polepole. Feza akageukia vikombe, akajifanya anaviosha, kwa sababu alijua akimtazama atalia. Nyuma yake akasikia mtu akimeza.

"Maman yako alikuwa anapenda ya nyekundu," mzee akasema. "Iko ingine?"

Feza alipogeuka, baba yake alikuwa ameshafungua kinywa, anangoja.