Ubeti Uliomezwa na Ukumbi

Mchana huo Mzee Spoku alifika ukumbini kabla hata ya wafagiaji. Alikuwa fundi baiskeli, na jina hilo alibandikwa na wateja. Lake la kuzaliwa alikuwa akiitwa na marehemu mkewe tu, na sasa hapakuwa na wa kuliita. Alivaa koti lake la harusi, kwapa zikimbana. Alikuja kusikia ubeti mmoja, basi.

Mkewe alikuwa mtunzi wa nyimbo. Wimbo wa mwisho aliuanzia jikoni, akaumalizia kitandani hospitali. Beti mbili za kwanza Mzee Spoku alizijua kama njia ya kwenda chooni. Ubeti wa tatu hakuujua. Ulitungwa yeye akiwa koridoni, kwa sababu mkubwa mmoja mwenye ufunguo kiunoni aliamua mwanamume asikanyage wodi ya wanawake, aingie binti yao tu. Mke akafia ndani, mume yuko nje amekumbatia chupa ya chai. Na matanga hayajaisha, ndugu wa mke wakaanza: alimwacha dada yetu afe peke yake. Kinara wao alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu.

"Niimbie basi huo ubeti, mwanangu," alikuwa akimwomba binti yake kila mara.

"Mama alinikataza kuuimba nyumbani, baba. Alisema nitalia. Niuimbe mbele za watu, na mjomba awepo."

Siku ndiyo hiyo sasa, binti anaimba kwenye tamasha, na mjomba mtu alikuwa amekaa safu za mbele, kanzu imenyooka.

Ukumbi wenyewe wakubwa walikuwa wameufanyia ukarabati. Ukarabati gani! Mbao za ukutani ziling'olewa, mapazia mazito yakatupwa, pakabandikwa vigae na vioo kila upande, hata mtu akipiga chafya mbele, chafya inazunguka nyuma inarudi kumsalimia. Spika nazo zilisimamishwa nyeusi, kubwa kama makabati. Mwimbaji wa kwanza alipofungua mdomo, Mzee Spoku alisikia wouu-wouu-wouu, kama mtu anayegombana na mwenzake ndani ya pipa. Besi ilimpiga kifuani mpaka jino lake bovu likaanza kucheza.

"Dada, yule anasema nini?" alimuuliza mama aliyekaa naye.

"Hata sijui. Ila anaimba vizuri."

Binti yake alikuwa karibu kupanda. Mzee aliinuka akaenda kumtafuta fundi sauti. Zamani mitambo ilikaa katikati ya watu. Meneja wa ukumbi aliihamishia kwenye chumba cha kioo huko juu, eti nyaya zilikuwa zinaharibu picha za wageni wa heshima. Fundi sauti alikuwa humo ndani, hedifoni masikioni, anatikisa kichwa kwa raha zake.

"Bwana fundi, huko chini hatusikii neno."

"Mbona huku ni asali tupu, mzee? Hebu sikia." Akamvalisha hedifoni. Kweli, ilikuwa asali.

"Asali hii unamlisha nani? Shuka ukasikie tunachokula sisi!"

"Nikitoka humu Meneja ananifukuza. Mwambie yeye."

Meneja alikuwa chini, tai imemkaba, anapanga nani akae wapi.

"Punguzeni hayo makelele, bwana mkubwa. Mwanangu anapanda sasa hivi, na wimbo wake una maneno."

"Mitambo hii ni ya kisasa, mzee. Labda ni masikio. Umri nao."

"Masikio yangu yanasikia tairi ikivuja mtaa wa pili!"

"Mgeni rasmi alitaka mdundo aupate kifuani. Ameupata. Wewe nani?"

"Baba wa anayeimba! Na wewe ni mpishi gani, unapikia chumba kingine, hujaonja, halafu unawaambia wageni ndimi zao mbovu? Mmebandika bafu ukutani, fundi mmemtia kwenye chupa kama achari, eti kisasa!"

Watu wa safu za nyuma waliangua kicheko. Mkubwa umtukane atakusamehe, lakini umchekeshee watu, hakuachi. Meneja alimpungia mlinzi.

"Mtoe huyu."

Mlinzi alimshika mkono, wakapita ujia wa pembeni hadi mlango wa nyuma ya jukwaa, penye mapipa ya taka.

"Nisamehe, baba. Mimi natumwa tu."

"Wote mnatumwa! Hata yule wa wodini alitumwa. Siku moja nitajie anayetuma!"

Mlinzi akatoka naye nje. Ila mlango hakuufunga, aliuacha wazi kiasi cha mkono kupita.

Binti alikuwa amekwisha kupanda. Alisimama karibu na mlango ule, mgongo umewaelekea, na spika zote zilitazama upande wa pili. Wimbo haukuwa na ala, sauti peke yake. Huko mbele wouu-wouu ilikuwa inagongana na vigae. Huku nyuma, sauti ya koo lake ilifika safi kama maji ya mtungi. Beti mbili zikapita. Mzee Spoku alibanwa na kikohozi chake kikavu, akakimeza. Ukaja wa tatu:

*Msiseme hakuja, alikuja, mlango ukamkataa,*
*Nilikisikia kikohozi chake, gizani kikawa taa.*
*Kaka, mpe mkono huyo, sikufa peke yangu,*
*Mlango ulikuwa kati, ubavuni mume wangu.*

Mzee Spoku alishikilia pipa la taka kwa mikono miwili. Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi, na hapo ndipo hasira ilimpanda upya. Wanapigia nini? Wamesikia nini hao?

Binti alitoka kwa mlango ule ule, macho makavu. Mara shemeji akazunguka kona ya jengo, amekuja kumpongeza mpwa wake.

"Kumbe na wewe uko huku, shemeji? Mtoto kaimba, bwana! Mama yake mtupu."

"Ubeti wa tatu umeusikia?"

"Sauti nimeisikia. Maneno... yale madude yanavuma kama mashine ya kusaga. Kwani alisema nini?"

"Mjomba, hukusikia?" Binti aliukunja uso kama mtu aliyebeba maji safari nzima, kufika akakuta ndoo imetoboka.

Mzee Spoku alipindua kreti tupu la soda. "Kaa hapo, shemeji."

"Hapa kwenye takataka?"

"Hapa. Ndani wamejenga studio ya picha. Kaa!"

Shemeji akakaa, kanzu na yote.

"Rudia, mwanangu."

"Hapa nitalia, baba."

"Lia. Maneno yasikike tu."

Meneja akachomoza kichwa mlangoni. "Wewe binti, mgeni rasmi anakungoja mpige picha! Na huyu mzee si nilisema atolewe?"

"Nimeshatolewa. Huku ndiko nje." Mzee Spoku alikamata kitasa. "Mlango mmoja mlinifungia nyie wakubwa, mkanitenga na mke wangu. Huu naufunga mimi."

Akaubamiza, akaukandamiza kwa mgongo. Meneja akawa anapiga ngumi kutoka ndani. Mlinzi aligeuka kutazama mapipa, kana kwamba hajawahi kuona pipa maishani mwake. Binti akavuta pumzi.