Kampuni Mbele ya Pazia

Nawategea hiki, wajukuu zangu na wengine mtakaosoma: mlango wake ni kitambaa, askari wake ni kikongwe, na mwenye suti hapiti. Kishikeni, jibu mtalikuta humu humu.

Mkwe wangu Abdul-Karim alipofariki, binti yangu Zulaikha aliingia eda hapa nyumbani Nateete, nyuma ya duka lake la kuku wa kukaanga. Chumba cha duka ni chetu. Jina lililokuwa juu ya mlango, Kuku Tamutamu, lilikuwa la kampuni: wao hukupa bango, majiko na viungo, nawe unauza kwa jina lao na kuwapa fungu lao. Mkataba ulisema mpishi awe Zulaikha mwenyewe, na duka likifungwa mwezi mzima kampuni inachukua vyake vyote, isipokuwa limefungwa kwa jambo lisilozuilika. Watoto wake wanakula kutoka majiko yale, hawana kwingine.

Sheikh alimwambia mjane mwenye dhiki anaweza kutoka mchana kutafuta riziki. Zulaikha akamjibu kwamba mumewe hakuwa mtu wa kuliliwa kwa zamu. Sisi Wanubi eda tunaikalia, akasema, na yeye ataikalia yote.

Mwezi ulipopita akaja Okwir, kijana wa kampuni, amevaa suti na ana karatasi ya kusainiwa. Mwanamume wa nje haonani na mjane aliye edani, kwa hiyo nilimketisha upande huu wa pazia, Zulaikha upande ule, na mimi katikati na birika la chai. Okwir alilelewa vizuri. Alianza kwa pole, taratibu, kama tunavyosema wote msibani: pole sana, mama, hakuna ambaye angeweza kulizuia hili.

Akanywa chai. Kisha akafungua mkataba akatusomea mambo yasiyozuilika: mafuriko, moto, vita, tetemeko, ugonjwa wa mlipuko, amri ya serikali. Kifo cha mume hakimo. Basi duka limefungwa kwa hiari ya mwenyewe, asaini, arudishe majiko.

Pazia likatikisika.

"Okwir," Zulaikha akasema, "ulipoketi hapo ulinipa pole. Ulisema hakuna ambaye angelizuia. Ulikuwa unanidanganya?"

"Hapana, mama. Lakini ile ilikuwa pole. Hii ni sheria."

"Basi chagua moja uondoke nayo. Zote mbili hazikai nyumbani kwangu."

Kijana akatazama ndani ya kikombe. Akaeleza kwa upole kwamba yeye ni wa kutumwa tu, na Zulaikha asiposaini watakuja watu na ngazi na lori, na huenda kesi ikafuata. Akaninyooshea kalamu nimpelekee. Nikaitazama ile kalamu, nikammiminia chai nyingine.

"Walete hiyo ngazi," Zulaikha akasema. "Bango ni lao. Kesi nitakwenda nayo eda ikiisha, si kabla. Na duka nitalifungua. Kuku hawajui kusoma, hawataniuliza nawakaanga kwa jina la nani."

Okwir akacheka, akajifanya anakohoa. Akaikunja karatasi vile vile ilivyokuja, akasema asante kwa chai, jaja, kama bibi anavyoitwa huku kwetu, akaenda zake.

Walikuja kweli. Nilisikia misumari ikilia ilipong'olewa, na majiko yakiburutwa. Zulaikha hakuchungulia hata dirishani. Aliendelea kumfundisha binti yake sura aliyokuwa anamfundisha, ila sauti aliipandisha kidogo.

Eda ilipokwisha alioga, akavaa gurbaba nyekundu, vazi letu la Kinubi, akawasha sigiri za mkaa pale pale mlangoni pa duka na kuwapaka kuku viungo vya kwetu. Bango lilikuwa limeacha alama ukutani, safi kuliko ukuta wenyewe. Nikamwambia tutafute rangi tuifiche.

"Iache, mama," akasema, anageuza paja. "Lori lao hupita hapa kila asubuhi. Nataka waione."